Nafasi ya Mchi wa Pili

Mzee,

Nimekaa hapa Matuu, kwenye hoteli ndogo mkabala na steji ya magari ya Thika, na mbele yangu kuna sahani ya muthokoi, mahindi ya kutolewa ganda, ambayo wewe ungeirudisha jikoni bila kuionja. Ganda limebaki kwenye punje nusunusu, kama soksi iliyoteremka. Nimemuuliza msichana anayegawa chakula, "Dada, hii ilitwangwa na nani?" Akanicheka mbele ya watu. "Kutwangwa? Hii ni ya mashine, anko. Siku hizi nani ako na hiyo nguvu?"

Nikatoka nikanunua karatasi na kalamu, nikarudi nikakaa.

Unajua niliacha shule darasa la sita. Barua ninazoandika huwa ni za kumwambia Nafula, mke wangu, kwamba niko mzima na kwamba asiuze ng'ombe. Hii sijui itapitia posta gani. Lakini ni lazima ujue kwamba nimeondoka kwako. Nimetoka leo asubuhi. Uliniambia kinu chako kisinyamaze, na mimi nimekipa kisogo. Kwa hiyo nataka ujue nimeondoka vipi, nimemwacha nani pale, na nimesikia nini nikiwa njiani.

Nilipofika Katangi mara ya kwanza nilikuwa natafuta kibarua. Nilikuwa nimetoka kwetu Bungoma, nimebeba mawe Thika, nimevuna maembe hapa Matuu, mikono imechoka kabla ya umri wake. Ulinichukua kwa wiki moja nikuchimbie matuta ya kuzuia maji shambani. Wiki hiyo haikuisha.

Nilikushangaa, Mzee. Mtu aliyesimamia mashine katika kiwanda cha saruji kule Athi River mpaka kikohozi chake kikawa na sauti ya kokoto, amestaafu, ana shamba, ana mbuzi, ana mizinga ya nyuki, na bado anakimbizana na jua kama anayeogopa kufutwa kazi. Asubuhi ulikuwa juu ya mabati ukianika vipande vya maembe. Mchana ulikuwa unachonga vigoda vya miguu mitatu, unavitia nyaya nyembamba za shaba usoni, unazigonga polepole kama mtu anayemtoga mtoto masikio. Jioni ulikuwa kwenye kibuyu cha uji wa wimbi, ukibakiza kidogo cha jana ili kichachushe cha leo. Vigoda vilijaa ghalani. Sikuwahi kukuona umekalia hata kimoja.

Siku moja nikakuuliza. Ukaniambia kwamba wale mliostaafu pamoja walirudi makwao, wakanunua viti vya kuegemea, wakakaa. "Wote nimewazika. Mtu akistaafu akikaa, kifo kinajua pa kumpata. Mimi kitanitafuta. Kikija ghalani niko juu ya mabati. Kikipanda mabati nimeshuka kwa nyuki." Ukacheka mpaka kikohozi kikakushika, ukaegemea ukuta, ukanionyesha kwa mkono kwamba nisikuletee kiti.

Na ile saa ya ukutani uliyopewa siku ya kuagwa kiwandani, uliitundika kwenye zizi la mbuzi. "Hao ndio wako na saa ya kufungua na ya kufunga. Mimi nimemaliza." Bado iko pale, Mzee. Mwikali, binti yako, ameitia betri mpya.

Lakini kazi uliyoipenda kuliko zote ndiyo iliyokufanya uchekwe soko zima. Kutwanga. Hata kwetu mwanaume hashiki mchi, na huko kwenu nilikuta ni vilevile. Mkeo alipokufa ulikula ugali na chumvi mpaka ukachoka, ndipo ukaingia jikoni ukakitoa kinu chake nje, hadharani, karibu na ghala, ili anayetaka kucheka asihangaike kuchungulia. Waliokuuliza uliwajibu, "Nilizika mke, sikuzika tumbo."

Mama Ndunge, jirani yako wa ng'ambo ya ua wa mnyaa, hakukuacha hata siku moja. Alikuwa akisimama pale na mtungi wake mgongoni anaita, "Baba Mwikali! Leso nikuletee ya rangi gani?"

"Lete nyekundu," unamjibu bila kuinua kichwa, "ifanane na macho ya bwanako akitoka kilabuni."

Siku uliponipa mchi wa pili, alitua mtungi kabisa. "Aiya! Sasa wako wawili! We Mluhya, kwenu wanajua umeolewa?"

Nilitaka ardhi inimeze. Wewe ukaniambia, "Twanga. Aibu haijazi sufuria."

Na nilikuwa nimekidharau chakula chenyewe, hilo sikatai. Siku ya kwanza uliponipakulia muthokoi na mbaazi nilitazama sahani nikasema, "Mzee, haya ni mahindi yaliyovuliwa nguo. Ugali uko wapi?" Ukasema, "Ugali ni mahindi yaliyouawa. Hapa sisi tunavua, hatuui." Nikala kwa sababu nilikuwa na njaa. Siku ya pili nikaongeza. Siku ya tatu ukaificha sufuria.

Nisikie ninavyokumbuka. Mahindi makavu, maji ya kunyunyiza tu, "ya kulowesha ulimi wa kuku," usizidishe. Mchi ushuke na uzito wake wenyewe, usiusukume, punje ikipasuka umeharibu. Na tukiwa wawili kwenye kinu kimoja, mmoja akishuka mwingine anapanda, hapo ndipo kulikuwa na sheria yako kubwa. Siku ya kwanza niliutazama mchi wako, na mara moja nikaupiga kwa wangu, mikono ikafa ganzi. Ukasema, "Usiangalie mchi wa mwenzako. Usimwangalie usoni. Angalia punje. Mwenzako utamsikia."

Basi nikajifunza kukusikia. Mkono wako wa kushoto ulikuwa dhaifu, kwa hiyo mchi wako ulipopanda uligusa kidogo ukingo wa kinu. Wangu ulilia tu, wako ulilia tu-kwa. Tu, tu-kwa. Ningekutambua kwa sauti hiyo kati ya wanaotwanga wote wa Yatta.

Ilikuwa katika kutwanga hivyo, macho chini, ndipo uliponiambia lile jambo. "Kinu kisinyamaze, Wekesa. Boma lisilotwanga, watu husikia ule ukimya, wanakuja kuuliza bei ya shamba." Sikukujibu. Nilidhani unaongea tu, kama wazee wanavyoongea wakiwa na kazi mkononi.

Sasa ile siku.

Mzee, nimeirudia moyoni mara nyingi na kila mara naogopa pale pale. Tulikuwa tunatwanga mahindi ya wiki, jua halijawa kali. Nikakusikia umepunguza. Ukasema, "Endelea, nakuja." Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwenda kuangalia maziwa motoni. Nikaendelea, peke yangu, nikiacha nafasi yako katikati ya mapigo kama tulivyozoea. Haukupita muda, nikausikia mchi wako umerudi. Tu, tu-kwa. Nikashukuru, kwa sababu mabega yalikuwa yanauma. Sikuinua macho. Ulinifundisha nisiinue.

Tulitwanga mpaka maganda yote yakatoka. Nikasema, "Mzee, tupepete." Hukujibu. Nikainua kichwa.

Mchi wako ulikuwa umeegemezwa ghalani. Na wewe ulikuwa umekaa. Umekaa, Mzee, kwenye kigoda chako cha mwisho, kile ambacho nyaya zake zilikuwa hazijazunguka zote, mgongo ukutani, macho wazi yakitazama kinu. Nilipokugusa mkono ulikuwa umeanza kupoa.

Siku moja tu ulikaa.

Muthokoi wa asubuhi ile tuliwapikia waombolezaji. Uliliwa ukaisha, na kina mama wa kanisa walisifu, wakasema hakuna hata punje moja yenye ganda. Mimi nilisimama na sahani nikizitazama punje. Najua kazi ya mtu mmoja na najua kazi ya watu wawili. Ile haikuwa ya mtu mmoja.

Mwikali alifika kutoka Athi River na nguo za kazini, vipande vya uzi bado vimeshika kwenye sketi. Hakulia mbele ya watu. Alinivuta kando akaniuliza jambo moja tu: "Baba alikuwa peke yake?"

Nikamwambia, "Hapana. Tulikuwa tunatwanga."

Akashusha pumzi, akanishika mkono, akaenda kwa wageni. Na tangu hapo nimelala na kuamka na jibu hilo nisijue kama lilikuwa la kweli.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, Mama Ndunge akaja kuchukua sufuria zake. Hakuwa na mzaha siku hiyo. Akasimama karibu na kinu bila kukigusa. "Wekesa, ile asubuhi nilikuja kuomba kijinga cha moto. Nilifika hapo kwenye ua, nikamwona Baba Mwikali amekaa kwenye kigoda. Nikajiambia, leo amepumzika, wacha nisimsumbue, nikarudi." Akageuka kuutazama ua. "Lakini michi ilikuwa miwili. Niliisikia mpaka nikafika kwangu. Nilidhani mna mgeni."

Hatukuongea tena habari hiyo, mimi na yeye. Alibeba sufuria zake, akapita njia ndefu ya chini, hakupita tena karibu na ghala.

Nilibaki. Mwikali alirudi kazini, akaniomba niangalie boma kwa muda. Nikachunga mbuzi, nikaanika maembe, nikaweka ule uji wako hai, kila jioni nikibakiza kidogo ili uchachu usikatike. Nilikuwa nakunywa nikijua kwamba ukali ule ulianza mkononi mwako. Na nilitwanga. Nilikuwa nimekuahidi kwa kukaa kimya, na hiyo kwangu ni ahadi.

Na wewe ulikuja. Sikuwa na pa kulisema hili, acha niliseme hapa. Haikuwa kila siku. Lakini nilipokuwa nimechoka, nikiangalia punje tu, bila kufikiri, ndipo katikati ya tu yangu na tu yangu nilipokuwa nasikia tu-kwa. Mara ya kwanza nilitupa mchi nikakimbia hadi kwa mbuzi, nikasimama chini ya ile saa mpaka moyo ukatulia. Mara nyingine sikukimbia. Baadaye nilikuwa naingoja. Nilianza kutwanga mahindi ambayo hakuna wa kuyala. Nilikuwa napepeta, naanika, najaza magunia, halafu naanza tena. Watu walisema Mluhya wa Mzee amechanganyikiwa. Wewe ulikuwa unafanya kazi ili kifo kisikupate. Mimi sijui nilikuwa nafanya kazi ili nini.

Nafula alisikia. Habari husafiri. Alienda kwa mwenye simu sokoni kwetu, akapiga simu ya Mwikali siku moja Mwikali alipokuwa amekuja kunitembelea. Kwa hapo kwenu simu haishiki mpaka upande juu ya kichuguu, kwa hiyo nilimsikiliza mke wangu nikiwa nimesimama kwenye kichuguu kama kondoo aliyepotea. Hakugomba. Afadhali angegomba. Akasema, "Baba Nekesa, yule aliyekuajiri amekufa. Sasa unamfanyia nani kazi?"

Akaongeza kwamba mtoto wetu mdogo akitajiwa jina langu huuliza kama ni yule mtu wa Ukambani.

Nilishuka kichuguuni, nikarudi kwenye kinu, nikashindwa kuuinua mchi. Nikienda, boma lingefungwa kufuli. Kinu kingenyamaza na watu wangekuja kuuliza bei. Nikibaki, mwanangu angekua na kunijua kwa jina la kabila la watu wengine. Huo ndio mzigo ulioniachia, Mzee. Sikulaumu. Lakini ulikuwa mzito.

Kilichonikomboa kilikuwa balaa la mtu mwingine. Kiwanda cha nguo alikofanya kazi Mwikali kule Athi River kilipunguza watu, naye akapunguzwa. Akarudi Katangi na cherehani yake na godoro juu ya gari. Siku za kwanza hakutaka kukiona kinu. "Baba alifia kwenye hiyo kazi," alisema. Alinunua muthokoi wa mashine hapa Matuu, akaupika vizuri, akaweka kitunguu na nyanya. Tukala. Mwishowe akasukuma sahani. "Wekesa, mbona haina ladha ya nyumbani?"

"Hiyo iliuawa," nikamwambia. "Haikuvuliwa."

Akanitazama sana. Alijua maneno hayo yalikuwa ya nani.

Kesho yake alichukua mchi wako kutoka ghalani bila kuniomba ruhusa. Alitwanga vibaya, Mzee, ungecheka. Alikuwa anausukuma mchi, mguu mmoja mbele, kama anayekanyaga pedali ya cherehani, na alichelewa kila pigo. Aliutazama mchi wangu, akaupiga, akaruka akipuliza vidole. Nikamwambia, "Usiangalie mchi wa mwenzako. Mwenzako utamsikia." Mama Ndunge akachungulia juu ya mnyaa kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Mwikali! Afadhali umekuja. Hawa wanaume walikuwa wamenifanya nione mimi ni mvivu!"

Tulicheka wote watatu. Boma lako halikuwa limesikia kicheko hivyo kwa muda mrefu.

Ilichukua muda, lakini akaushika mwendo. Na asubuhi ile alipoushika, pigo lake likaanguka sawasawa pale katikati ya yangu, nikatega sikio. Hukuwepo. Siku iliyofuata pia. Nafasi uliyokuwa unaijia ilikuwa imejaa. Ningepaswa kufurahi. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia kuliko nilivyolia siku ya mazishi, na mbuzi wakinitazama.

Jioni nikamwambia Mwikali nitaondoka. Alikuwa anajua. Nikamweleza pia ile siku yote, mchi uliorudi, na wewe ukiwa umekaa. Niliona ni haki yake. Alikuwa anapima uji kwenye kibuyu, akaacha. Nikamwambia, "Uliniuliza kama alikuwa peke yake. Mimi sijui alikuwa wapi. Ninachojua ni kwamba mimi sikuwa peke yangu." Akautazama uji mpaka povu lake likashuka. Kisha akasema, "Hiyo inatosha."

Leo asubuhi alinifungia chupa ya uji wako, na maembe makavu, na muthokoi tuliotwanga pamoja. Halafu akatoa kigoda. Kile. Alikuwa amemtafuta fundi akamalizia nyaya za shaba. Fundi si hodari kama wewe, mshono unaonekana pale mkono wako ulipoachia. Nikakataa. Akasema, "Baba hakumchongea mtu mwingine. Miguu yake ni mifupi, unafikiri ni nani mfupi hapa?"

Nilikitia gunia, nikakibeba begani, nikaagana naye pale kwenye kinu. Mama Ndunge naye nilikuwa nimemuaga mapema, alikuwa anaelekea sokoni na ndengu zake. Nikashika njia ya kwenda barabarani.

Nilikuwa nimefika kwenye korongo, pale tulipokuwa tunachota mchanga, nikasikia kinu kimeanza. Nikafurahi. Nikasema moyoni, binti wa Mzee hajangoja hata nifike mbali. Ulikuwa mchi wake, naujua, mzito, wa mtu anayekanyaga pedali. Tu. Tu. Alikuwa anaacha nafasi katikati, kama tulivyozoea.

Kisha nafasi ikajibiwa.

Labda Mama Ndunge alisahau kitu akarudi, akaingia kumsaidia. Labda. Upepo pia una mambo yake kwenye korongo lile. Lakini ulikuwa unagusa ukingo, Mzee. Kila ulipopanda, uligusa ukingo.

Nilisimama na kigoda begani. Sikugeuka. Wewe ndiye uliyenifundisha nisiangalie.

Sasa gari la Thika linaita watu, na muthokoi huu umepoa bila kuliwa. Nafula ana kinu, kidogo kuliko chako. Nikifika nitashika mchi mbele ya ndugu zangu wote, wacheke mpaka wachoke, na yule mwanangu mdogo atajua mimi ni nani kwa sauti ya kutwanga. Hiyo ni ahadi, na safari hii nimeisema kwa mdomo. Kigoda nitakiweka kando ya kinu. Hakuna atakayekikalia.

Kibarua hastaafu, wewe ulikuwa unajua hilo. Huchoka tu. Lakini wewe ulistaafu, Mzee, walikupa mpaka saa. Mwikali ameushika mwendo. Hata mimi nimeushika. Uliniambia niendelee, unakuja. Nimeendelea, na umekuja mara za kutosha. Weka mchi chini.

Kaa.

Wekesa wako